Msiro wa Joka

Mwanangu Zuhura,

Salamu tumepeana asubuhi, chai tumekunywa pamoja, kwa hiyo hapo naruka. Naruka pia habari za chandarua, sabuni, bilyeti yako ya kitambulisho na namna ya kukaa na watu wa watu. Hayo nimekuimbia wiki nzima, mpaka ukawa unatikisa kichwa kabla sijafika mwisho. Sasa ni baada ya adhuhuri, umekwenda kuaga majirani, na najua kwa Bi Somoe hutoki mpaka ule ushibe. Nina nafasi ya kuandika mpaka alasiri, labda na zaidi kidogo. Barua hii nitaichomeka katikati ya daftari lako jipya. Usiifungue kabla gari, hiyo chapa, halijapita Awasse, maana ukiifungua mapema utashuka urudi kunigombeza, na mimi sitaki urudi.

Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la watu wazima, herufi zinatembea upande kama kaa. Vumilia. Ningeweza kukwambia kwa mdomo, tumekaa nyumba moja siku zote hizi, lakini kila nilipotaka kuanza nilijikuta nakuuliza kama umeshapakia kanga.

Juzi ulinikuta nakuna nazi, ukachuchumaa pembeni yangu, ukaniuliza kwa ile sauti yako ya chinichini: "Mama, ile hadithi ya bibi, ya joka, inaishaje? Mimi nakumbuka mwanzo tu."

Nikakuuliza ya nini. Ukaniambia kwamba wiki ya kwanza huko chuo cha walimu, Pemba yetu ya bara, kila mwanafunzi mpya atasimamishwa mbele ya watoto wa darasa la kwanza, awahadithie hadithi ya kwao, kwa mdomo wake, bila karatasi. Atakayeshindwa ataambiwa arudi nyumbani. Ulisema hivyo huku unaokota vipande vya kifuu chini, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta sindano.

Nikakujibu, "Nimeisahau."

Nilikudanganya, Zuhura. Ile hadithi sijaisahau hata neno. Mama yangu, Bi Tima, alinihadithia mimi tangu sijaota meno ya ukubwani, na kila mara tulicheka mpaka baba anagonga ukuta. Nilikunyima kwa sababu ukiisikia yote, mpaka mwisho, utajua nilichokufanyia. Nilikuwa naogopa hilo. Leo nimeamua kwamba bora unikasirikie ukiwa na hadithi yako mkononi, kuliko unipende ukiwa umesimama mbele ya watoto huna la kusema.

Basi nianze na kosa langu, hadithi itafuata.

Ulikuwa na miaka minane, na ulikuwa domokaya. Wewe hujikumbuki hivyo, lakini mimi nakukumbuka. Ulikuwa unaongea na kuku, unaongea na mwiko, unaongea usingizini. Marehemu baba yako alikuwa anasema huyu mtoto amezaliwa na redio tumboni. Ukiulizwa swali moja unajibu matatu. Nilikuwa naenda shamba kupumzisha masikio, na huo si utani.

Halafu asubuhi ile kijiji kikachomwa. Sina haja ya kukuandikia moshi, uliuona. Tulikimbilia kwenye mikoko, mimi na wewe, matope mpaka kiunoni, tukakaa humo siku mbili. Wale waliochoma walikuwa wanapita kwenye kijia cha juu, karibu kabisa, hata kikohozi chao tulikisikia. Na wewe ukaanza kuniuliza kwa nini kaa anakwenda upande.

Sikukupiga. Sikukuziba mdomo, kwa sababu ungefurukuta na maji yangelia. Nilichota matope kwa vidole viwili nikakupaka usoni, taratibu, kama bibi alivyokuwa akikupaka msiro, ule uji mweupe wa kijiti kinachosuguliwa kwenye jiwe, siku za harusi. Nikakunong'oneza sikioni: "Huu msiro. Ukifungua mdomo kabla haujakauka, utapasuka. Na ukipasuka, joka litaona."

Ulishajua kwamba matope ni matope. Lakini ulinitazama, ukaona uso wangu, ukafunga mdomo. Na matope ya mikokoni hayakauki upesi, na kila yalipoanza kukauka mashavuni mwako, niliyapaka upya. Siku mbili, Zuhura. Nakumbuka macho yako tu katikati ya ule weusi.

Kwa zile siku mbili siombi radhi. Watoto wengine walilia, na waliolia hatunao. Ningewekwa tena mahali pale leo ningefanya vilevile, na anayetaka kunihukumu aje kwanza asimame kwenye yale matope. Ninachoomba radhi ni miaka tisa iliyofuata.

Maana tulipovuka Ruvuma, tukafika upande wa pili salama, nilikuosha uso kwa maji baridi mpaka ukawa unang'aa, nikakulisha uji, nikakulaza. Kitu kimoja sikufanya. Sikukwambia kwamba msiro umekauka.

Miezi ikapita husemi neno. Watu wakaniambia ni woga, utamtoka. Kisha ukaanza kusema ndiyo na hapana, ukaishia hapo. Tuliporudi kwetu, tukajenga upya, wanawake wenzangu wakaanza kukusifu. "Mtoto wako ana adabu, Mwajuma. Wa kwangu mimi kelele tu." Na mimi, mwanangu, nikapokea zile sifa. Nikazikalia kama kuku aliyepata mayai ya mwenzake. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa mjane, nina nyumba ya kusimamisha, na mtoto asiyeuliza kitu ni mtoto rahisi kumlea. Huo ndio ukweli na unaniuma kuuandika.

Kisha nikafanya baya zaidi. Harusi ya binti wa Bi Somoe, ulikuwa na miaka kumi, mmekaa wasichana kwenye mkeka mmepakwa msiro wa kweli, na mmoja wenu akasema jambo, ukacheka. Ulicheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mikokoni. Wageni wakageuka. Na mimi, badala ya kuanguka chini nikashukuru, nikagusa shavu langu kwa kidole. Hivi tu. Ukaniona, ukafunga mdomo, kicheko kikakatika katikati.

Nikagundua kwamba inafanya kazi. Tangu siku hiyo nikawa naitumia. Mgeni akija, nagusa shavu. Mjomba wako akizungumza, nagusa shavu. Ukitaka kubishia bei sokoni, nagusa shavu. Sikuhitaji kusema kitu, wala hukuwahi kunikatalia. Wenzangu walifuga mbwa wakali wa kulinda nyumba, mimi nikafuga woga wa mwanangu.

Mwaka jana nikakupeleka Palma kwenye mahojiano ya chuo. Kwenye mtihani wa kuandika ulishawashinda wenzako wote. Nilikaa kwenye benchi barazani, mlango uko wazi, nikasikia kila kitu. Walikuwa watatu mezani. Wakakuuliza kwa Kireno kwa nini unataka kuwa profesora, mwalimu. Kimya. Wakakuuliza kwa Kiswahili. Kimya. Mmoja akasema kwa upole, "Menina, binti, jibu lolote tu." Nikasikia kiti chako kinalia, nikasikia mtu anageuza karatasi, basi.

Nilikugombeza njia nzima, unakumbuka. Nilikwambia umenitia aibu, nilikwambia una kichwa cha kitabu na mdomo wa samaki. Ulitembea mbele yangu bila kujibu mpaka tulipofika kwenye mikorosho. Hapo ukasimama ukasema bila kugeuka:

"Mama, yule mzee wa katikati alishika shavu."

Niliielewa palepale. Yule mzee alikuwa amechoka tu, ameegemeza shavu mkononi, kama mtu yeyote mwenye siku ndefu. Nilitaka kukaa chini katikati ya njia. Badala yake nikasema, "Tembea, tutachelewa." Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote, kubwa kuliko matope. Nilikuwa na neno moja la kukufungua nikalimeza, kwa sababu nililiona aibu.

Mwaka huu wamekuchukua kwa alama za karatasi, wakasema sauti wataiangalia hukohuko. Kwa hiyo ndiyo hivyo, kila kitu kimebaki kwenye hiyo hadithi moja.

Asubuhi hii ulipokwenda kisimani, mjomba wako Saidi alikuja. Akakaa, akavua kofia, nikajua ana neno.

"Dada," akasema, "hiyo shikola ya ualimu ya Pemba ya nini? Mtoto hasemi na kuku, atasema na watoto arobaini?"

"Alikuwa anasema na kuku," nikamwambia. "Kuku ndio walikuwa hawamjibu."

"Nasema kweli. Nina mtu, ana boti, ana adabu zake. Anataka mke mkimya. Watu wanatafuta binti kama huyu hawampati."

"Wamtafute kaburini. Huko wakimya wamejaa."

"Mwajuma."

"Chai imekwisha, kaka yangu."

Chai haikuwa imekwisha, na yeye aliiona birika inatoa moshi. Akavaa kofia yake akaondoka. Alipofika mlangoni nilitaka kumwita, kwa sababu ni kaka yangu na mapenzi yake nayajua. Sikumwita. Nimechoka na watu wanaoupenda ukimya wako, na wa kwanza wao ni mimi.

Basi ulipotoka kwenda kuaga, nikaenda nyuma ya nyumba, nikatoa lile jiwe la bibi yako na kijiti chake cha msiro, nikakaa nikasugua mpaka nikapata uji mweupe, nikajipaka uso mzima. Ndivyo nilivyo sasa hivi ninavyoandika. Ungeingia ungenikuta kama mwali wa miaka hamsini. Na sasa sikiliza hadithi yako, kama alivyoihadithia Bi Tima, bila kupunguza.

Palikuwa na kijiji cha wavuvi chenye kisima kimoja tu cha maji baridi. Na kando ya kisima, kwenye pango la matumbawe, joka likahamia. Halikuomba ruhusa kwa mtu. Lilikuwa kubwa, lina mapezi mgongoni yenye meno kama ya msumeno, na tumboni lina moto unaonguruma. Likatoa amri: anayetaka maji alisifu kwanza, halafu alete chakula. Wakaanza kuleta. Likala samaki. Likala beberu wa Mzee Ali, beberu mwenye hasira aliyekuwa anaogopwa kijiji kizima. Likala chungu pamoja na mchuzi. Likala ngoma ya harusi, likasema ina ngozi nzuri. Likala viatu vya shehe, ambaye aliviacha mlangoni kwa dakika mbili tu. Siku moja likala kitanda, na godoro lake, na shuka likalitumia kupangusia mdomo.

Kisha likaona bibi harusi anapita, amepakwa msiro. Joka halikujua msiro ni kitu gani. Likadhani ni tui. Likasema moyoni, hawa watu kumbe wanajua kupika, wananificha. Likatuma habari: "Bamvua ijayo, maji yakijaa, nataka msichana mmoja, aletwe na mchuzi wake mweupe juu yake."

Wazee wakafanya kikao siku tatu. Siku ya kwanza wakachagua kamati. Siku ya pili kamati ikaomba chai. Siku ya tatu wakakubaliana kwa kauli moja kwamba apelekwe Chiku, kwa sababu Chiku alikuwa anaongea mno, na kijiji kingepata faida mara mbili.

Mama yake Chiku akakaa na jiwe lake, anasugua msiro huku analia. (Hapa Bi Tima alikuwa analia kweli, kwa mbwembwe, na kamasi juu.) Chiku akamwambia, "Mama, usinipake. Nipe hilo jiwe na hicho kijiti. Kazi hiyo nitaifanya hukohuko."

Akaenda na uso wake mtupu, jiwe kichwani. Joka likatoka pangoni, likamnusa.

"We mtoto. Mchuzi wangu uko wapi?"

"Unasagwa hapahapa, Bwana Joka, uwe mbichi. Lakini samahani. Kwa uso huo ndio unakwenda karamuni?"

"Uso wangu una nini?"

"Hauna kitu. Nimenyamaza."

"Sema."

"Nimenyamaza, nimesema."

"Nasema sema!"

"Umekauka kama papa aliyesahaulika juani."

Joka likashtuka. Tangu lizaliwe halijajiona. Kila likiinama kisimani kujitazama, maji yalichemka. Likauliza kwa sauti ndogo kama hali ni mbaya sana. Chiku akalizunguka joka kichwa chote, akaguna huku, akaguna kule, akasema hajaona hali kama ile, lakini kuna dawa. Wanawake wa kijiji kile hawali karamu bila kupakwa. Je, yeye bwana mkubwa atakula kama mtu aliyeamka sasa hivi?

"Nipake," likasema joka.

Akasugua tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kichwa kile kilikuwa sawa na nyumba ya vyumba viwili. Akalipaka kwa ufagio. Alipomaliza akasimama mbele yake, akanyoosha kidole.

"Sasa Bwana, sheria ni moja. Usifungue mdomo mpaka ukauke. Ukifungua, unapasuka, tunaanza upya."

Joka likakubali kwa kichwa. Likakaa wima, likakunja mikono mapajani, likainamisha macho kama mwali. Na moto wake ukabaki ndani. Mwanzo ukatoka moshi kidogo kwenye sikio la kulia, halafu la kushoto.

Wanawake wakasikia kimya, wakaja kuchungulia. Wakaona kisima kiko wazi. Wakateka maji, wa kwanza kwa haraka, wa pili kwa taratibu, wa tatu akarudi nyumbani kuleta ndoo nyingine. Mmoja akalitazama joka akasema, "Hongera, bibi harusi." Wakapiga vigelegele. Mwingine akauliza mahari ilikuwa nini. Mwingine akasema mtazameni vizuri, bwana harusi wa huyu atahitaji kitanda kipana, na kitanda kimeshaliwa.

Mdomo wa joka ukaanza kutetemeka.

"Usicheke, Bwana," Chiku akamwambia kwa upole. "Utaharibu. Fikiria mambo ya huzuni. Fikiria ile kamati, ilivyoomba chai."

Machozi yakalitoka joka. Tumbo likavimba. Kisha akaja bibi mmoja kizee kuliko wote, hana jino hata moja, akalikaribia, akalishika kidevu, akaligeuza huku na huku, akasema, "Mimi kwa uso huu namwoa leo, ila asikorome."

Pa. Ufa ukaanzia puani. Joka likacheka kwa mdomo uliofungwa, na kicheko hakikuwa na pa kutokea, kikashuka, kikagonga moto, kikapanda na vyote lilivyomeza. Likapiga mbweu ambayo ilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Kikatoka kitanda. Ikatoka ngoma inajipiga yenyewe. Kikatoka chungu. Kikatoka kiatu cha shehe cha kushoto, halafu cha kulia. Akatoka beberu wa Mzee Ali, mzima, amekasirika, anatafuna godoro. Na mwisho kabisa ukatoka moto, mdogo kama wa kiberiti, ukaanguka kwenye ndoo ya mtu, ukazimika.

Joka likabaki limekaa, uso umepasukapasuka, halina moto. Likasema, "Sasa mimi nitafanya kazi gani?"

Chiku akalitazama mgongo, yale mapezi yenye meno. Akasema, "Geuka."

Na toka siku hiyo kijiji kile hakikununua tena kibao cha kukunia nazi. Wanawake walikuwa wanapanda juu ya joka na nazi zao, watano watano, wanakuna na kupiga soga, na lenyewe linalalamika kwamba linatekenywa. Bi Tima alimalizia hivi kila mara: "Na mimi nilipita hapo nikakaribishwa wali. Nazi yake ilikuwa na harufu ya moshi kwa mbali."

Ndiyo hiyo. Umeona sasa kwa nini nilikuficha. Kwenye hadithi ya bibi yako, msiro haukuwa usoni mwa Chiku hata siku moja. Chiku alikwenda na uso mtupu na mdomo wazi, anaongea njia nzima. Aliyepakwa ni joka. Aliyeambiwa anyamaze ni joka. Mimi nilichukua silaha ya mtoto nikaigeuza, nikampaka mtoto. Siku mbili nilikuwa na haki. Baada ya hapo nikawa nalifanyia joka kazi yake bila hata kulipwa samaki.

Wale waliotuchomea nyumba walitaka tukae kimya. Nyumba nimejenga, mihogo nimepanda tena, minazi iliyobaki inazaa. Nilidhani nimewashinda. Kumbe kitu kimoja chao kilikuwa kinakaa ndani mwangu, kinakula sahani moja na sisi, na mimi nakiita adabu. Leo nakitoa nje. Kama nimechelewa utasema wewe, una ruhusa. Unaweza hata kunigombeza kwa barua. Andika ndefu, nitaisoma pole pole kwa kidole, na sitajitetea.

Sikuombi usiwe na woga, mimi mwenyewe ninao mwingi tu. Nakuomba kitu kidogo. Siku utakaposimama mbele ya wale watoto, miguu itatetemeka, sawa, iache itetemeke, watoto hawatazami miguu. Anza na beberu wa Mzee Ali. Fanya sauti yake. Ulikuwa unaifanya vizuri kuliko bibi, ukiwa na miaka sita, mpaka mbuzi wa kweli wanajibu. Akicheka mtoto mmoja, wengine watafuata. Na wewe ukicheka katikati ya hadithi, cheka, usiombe samahani.

Nimekuwekea jiwe la bibi chini ya begi, ndiyo maana litakuwa zito, usinilaumu. Kijiti kimefungwa kwenye kanga ya bluu. Huko Pemba wasichana watakuuliza, wapake.

Ukiona unga mweupe umemwagikia karatasi hii, usiupulize. Ni uso wangu. Nilijaribu kuandika ile sehemu ya bibi kizee bila kucheka, nikashindwa, msiro wote ukapasuka ukadondokea mezani, na Bi Somoe ameniita kutoka kwake kuuliza kama nina homa. Nilisahau raha ya kuhadithia kitu mpaka mwisho. Nimelia pia, lakini hiyo ilikuwa baadaye.

Nasikia sauti yako njiani, unaagana na mtu, na wewe ndiye mwenye neno la mwisho. Naifunga barua.

Zuhura, msiro umekauka. Umekauka tangu siku tulipovuka mto, na nilipaswa kukwambia siku hiyohiyo. Na kama huko darasani mtu yeyote atakaa mbele yako ameshika shavu, awe mkubwa namna gani, mwulize jino linamuuma, kisha endelea na hadithi.

Mama yako,
Mwajuma